Samaki wa Mwanza Hawalali Kipupwe

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mtu wa Nyeri, nimehamishiwa kazi Mwanza tangu mwezi wa tano na ninakaa Ilemela. Kwetu nimevua trauti tangu utotoni kwa fimbo na nzi bandia, kwenye mito inayoshuka kutoka Aberdare. Niliposoma Ulaya nilijifunza pia kuvua mito ya milimani wakati wa theluji. Hapa nimetumia ujuzi huohuo. Natoka saa tano asubuhi jua likishapasha maji, natafuta penye kina kando ya mawe ya Capri Point, natumia nzi wadogo wa namba 16 na kuwavuta polepole sana. Napata visamaki vya rangi rangi tu, urefu wa kidole. Sangara sijamwona, sato hata mmoja. Wenyeji wananiambia kipupwe samaki wanaingia ndani. Je, wamelala kwa baridi? Nisubiri Oktoba? Na fimbo yangu namba 6 inafaa huku?

Jibu: Marahaba, kijana wangu, na karibu Mwanza. Umetaja saa, mahali, namba ya ndoano na namna unavyovuta, kwa hiyo naweza kukujibu bila kubahatisha. Samaki hawajalala. Ufundi wako ni mzuri, ila ni ufundi wa maji yanayotawaliwa na baridi, na maji yetu yanatawaliwa na upepo na oksijeni. Ukishalishika hilo, karibu kila ulichofundishwa kuhusu majira ya baridi utakigeuza: saa ya kutoka, mahali pa kusimama, ukubwa wa nzi na mwendo wake.

Tuanze na trauti mwenyewe. Huyu anakula vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi joto 10 na 16 hivi. Yakipita 20 anaanza kutaabika. Kwenye mito ya Ulaya wakati wa theluji maji hushuka hadi nyuzi 4, hata kukaribia 0, na mwili wake hupunguza kazi zote. Chakula huchukua siku kadhaa kusagika tumboni. Nguvu za kupambana na mkondo hana, kwa hiyo hushuka kwenye vidimbwi vya maji ya polepole, akakaa karibu na chini, na hasogei zaidi ya shubiri chache kufuata tonge. Ndiyo sababu ulifundishwa kusubiri adhuhuri, kumshusha nzi mdogo mpaka chini, na kumwacha aende na maji. Yote hayo yanatokana na jambo moja: samaki amepoa na hana haraka.

Sasa lipime ziwa letu. Julai na Agosti, miezi yetu ya baridi kabisa, maji ya juu huwa kwenye nyuzi 24 au 25. Februari na Machi hufika 26, 27. Kasi ya mwili wa samaki huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto, hivyo nyuzi 2 au 3 haziwezi kumlaza. Sangara wa Julai ana njaa karibu sawa na sangara wa Februari. Anayehisi baridi ni wewe, uliyesimama juu ya jiwe kwenye upepo mkavu.

Na hao wenyeji waliokwambia samaki wanaingia ndani wamesema kweli. Wanaona sawasawa kinachotokea, ila chanzo chake si ubaridi wa maji. Hapa naomba univumilie kidogo, maana ndipo jibu lako lilipo.

Maji ya joto hubadilika uzito upesi kuliko maji ya baridi. Tofauti ya nyuzi 1 kwenye maji ya nyuzi 25 hutenganisha matabaka kwa nguvu karibu mara tatu ya tofauti hiyohiyo kwenye maji ya nyuzi 10. Kwa hiyo Ziwa Victoria, ambalo kina chake kikubwa ni mita 80 hivi na wastani wa mita 40, linaweza kujipanga matabaka kwa tofauti ndogo tu ya joto, tofauti ambayo mkono wako usingeihisi. Kuanzia Septemba au Oktoba hadi Aprili, maji ya vuguvugu hukaa juu na yale yaliyopoa hukaa chini, na hayachanganyiki. Mwani unaokufa huzama, bakteria wanauozesha, na katika kuuozesha wanamaliza oksijeni ya tabaka la chini. Hakuna inayoshuka kuziba pengo. Sangara hastahimili maji ya namna hiyo. Miezi hiyo ziwa kwake ni kama nyumba iliyofungwa vyumba vya chini: anabanwa juu na kusogezwa kwenye maji ya kina kifupi, ambako mvuvi wa nchi kavu anaweza kumfikia.

Kisha, kuanzia Mei na Juni, upepo wa kusini-mashariki unaingia. Ni mkavu na hauchoki. Unavukiza maji ya juu, na maji yanapovukizwa hupoteza joto; yakipoa huwa mazito na kuzama, huku upepo wenyewe ukikoroga. Mpaka Julai ziwa linakuwa limechanganyika na oksijeni imefika chini kabisa. Sangara anapata ruhusa ya kwenda hadi mita 50, 60. Ni samaki walewale, ila wametawanyika kwenye nafasi kubwa zaidi, na chakula chao, dagaa na uduvi, kimetawanyika pia.

Hivyo ukiniuliza kama usubiri Oktoba, nitakujibu hapana, kwa sababu mbili. Kwanza, unavua Ghuba la Mwanza, na ghuba hili si ziwa kuu. Ni refu, takriban kilomita 60, lakini jembamba na halina kina kikubwa. Maji yake hukorogeka mara nyingi mwaka mzima, kwa hiyo mabadiliko ya msimu hayawi makali kama kule nje. Pili, wanaohamia kwenye kina ni wakubwa zaidi. Sangara wadogo, wa nusu mita kushuka chini, bado wako kandokando wakila uduvi, watoto wa kereng'ende, dagaa na furu (ndio hao visamaki vyako vya rangi rangi), na hata watoto wa sangara wenzao. Hao ndio wa kuvuliwa kwa fimbo kutoka kwenye jiwe, Julai kama Machi.

Basi kosa liko wapi? La kwanza ni saa. Wewe unatoka saa tano kusubiri joto, wakati joto halikosekani hapa. Kinachotafutwa ni mwanga hafifu. Jicho la sangara limeumbwa kwa giza. Ukimmulika usiku kwa tochi linang'aa rangi ya dhahabu. Furu na dagaa wanaona vizuri mchana, hivyo yeye huwashinda mwanga unapopungua. Toka saa kumi na moja na nusu alfajiri na uwe umefungasha saa mbili, au anza saa kumi na moja jioni mpaka giza liingie. Kati ya hizo mbili mimi naipendelea jioni kwa miezi hii, na sababu ni upepo.

Usiku na asubuhi ya kipupwe nchi kavu imepoa kuliko ziwa, hivyo upepo hutoka nchi kavu kwenda majini, nao huungana na ule wa kusini-mashariki unaoelekea upande huohuo. Asubuhi basi utakuwa na upepo mgongoni. Mchana nchi ikipata moto, upepo wa ziwani hugeuka na kuja usoni. Mtupaji wa nzi anauchukia huo wa pili, nami naelewa, lakini ndio wenye samaki. Mawimbi yanapiga mawe, yanatifua matope, yanawang'oa uduvi kwenye majani na kuwayumbisha furu wadogo. Panatokea mstari kati ya maji ya udongo na maji safi zaidi, na sangara mdogo hukaa hapo upande wa udongo akivizia. Jioni upepo ukianza kulegea na jua likishuka, pitisha nzi wako sambamba na mstari huo, usimtupe moja kwa moja kuelekea katikati ya ziwa. Kama unatupa kwa mkono wa kulia, jipange upepo uje bega la kushoto, mshipi usije ukakupiga usoni na ndoano.

Ukifika mahali, tafuta pembe ya mwamba inayoingia majini, mlango wa kichochoro kati ya mawe mawili, ukingo wa majani na magugu maji. Kwenye magugu nakuonya: mafungu yake huhamishwa na upepo, na ukikuta yamefunga ghuba dogo kwa siku nyingi, maji ya chini yake huwa yamekosa oksijeni. Humo wanakaa kambare na kamongo, wenye uwezo wa kupumua hewa ya juu. Sangara yuko ukingoni, pale yanapokutana na maji wazi. Vizimba vya kufugia sato, ambavyo vimeongezeka sana upande wetu, navyo vinakusanya samaki kwa sababu ya chakula kinachodondoka. Ni mali ya watu. Usitupe ndoano karibu navyo bila ruhusa.

Sasa nzi. Namba 16 ni chakula cha furu, na ndiyo maana furu wanakupokea. Kwa sangara mdogo funga aina mbili. Moja imfanane dagaa: ndoano kubwa, namba 2 hadi 1/0, mwili mwembamba wa sentimita 5 hadi 7, manyoya meupe chini, mgongo wa kijivu au kijani, nyuzi chache za kung'aa, na macho mazito kichwani ili azame kichwa kikitangulia. Nyingine imfanane uduvi: ndoano ya namba 8, sentimita 2 au 3, nywele za hudhurungi iliyofifia, nyepesi kiasi kwamba mwanga unapita. Huna haja ya kuagiza vifaa nje. Jogoo wa kienyeji ana manyoya ya shingo mazuri kabisa, na nywele za mkia wa mbuzi hupokea rangi vizuri.

Rangi ni jambo ambalo wengi wanalibeba kutoka milimani bila kulifikiria. Mto wa Aberdare ni angavu, kila rangi inaonekana. Maji ya ghuba yana mwani na udongo, na maji ya namna hiyo humeza rangi ya buluu kwanza. Njano, machungwa na nyekundu hufika mbali zaidi. Mwanga ukishapotea kabisa, nzi mweusi ndiye anayeonekana, kwa sababu anakata kivuli chake dhidi ya anga.

Na mwendo. Acha kumwacha nzi aende na maji, maana hapa hakuna mkondo wa kumbeba. Baada ya kutupa, hesabu taratibu mpaka kumi azame, kisha vuta kwa mkono mivuto mifupi ya haraka, miwili au mitatu, halafu tulia kidogo. Mara nyingi anachukuliwa wakati wa kutulia. Akichukua, mkono wako wa trauti utataka kuinua fimbo. Usiinue. Mdomo wa sangara ni mkubwa na mgumu, na ukiinua fimbo unamtoa nzi mdomoni. Elekeza ncha ya fimbo kwenye maji na uvute mshipi kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu, mara moja au mbili. Ndoano ikishashika ndipo uinue.

Kuhusu fimbo yenyewe, namba 6 usiirudishe Nyeri. Inatosha kwa furu, kwa sato mmoja mmoja atakayekosea, na kwa sangara wa kilo moja au moja na nusu. Lakini kwa upepo wa Julai na nzi wenye macho mazito utachoka bega, na samaki wa kilo tatu atakuzungusha kwenye mawe unavyotazama. Ukipata nafasi, tafuta fimbo nzito zaidi, namba 8 au 9, na mshipi unaozama polepole badala ya ule unaoelea. Uzi wa mbele, ule mwembamba unaofungiwa nzi, usiwe wa mita tatu na nusu kama wa trauti. Mita mbili zinatosha, uwe na nguvu ya kilo 10, na nusu mita ya mwisho iwe ya kilo 18 au 20. Meno ya sangara ni madogo mengi yanayosaga uzi, na kifuniko cha shavu lake kina miiba na ukingo unaokata. Mkamate kwa kidole gumba kwenye taya la chini. Usitie mkono mashavuni.

Uzi mnene ni kwa faida ya samaki pia. Maji ya nyuzi 10 kwenye usawa wa bahari hubeba takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 25 hubeba 8 tu, na ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hupungua tena. Sangara hutumia oksijeni nyingi anapopigana. Ukimchosha dakika ishirini kwa uzi mwembamba ili ufurahie mchezo, ukamwachia, ataelea mbele yako akiwa amekufa. Mvute upesi, mtoe ndoano akiwa majini, na ubane mwiba wa ndoano kwa koleo kabla hujaanza kuvua. Na kama siku moja utapata mtumbwi na kuvua kwenye kina, usimvue kwa nia ya kumwachia. Bondo lake, yaani kibofu cha hewa cha tumboni, hujaa hewa anapopandishwa haraka na hawezi kurudi chini.

Sato ni habari nyingine, na sitakudanganya kwamba nzi ndiyo njia yake. Kwa sehemu kubwa anakula mwani na mabaki ya chini, pamoja na wadudu. Wavuvi wa mshipi hapa wanampata kwa minyoo. Ukitaka kujaribu, tumia nzi mdogo wa kijani asiye na mng'ao, aliyetulia, kwenye ghuba lenye majani asubuhi kabla ya upepo.

Nirudi kwa hao visamaki wa urefu wa kidole uliowataja kana kwamba ni hasara. Ningependa uwatazame tena. Hao ni furu, na wa kwenye mawe wavuvi wa hapa wanawaita mbipi. Ziwa hili lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, nyingi hazipatikani popote pengine duniani. Sangara alipandikizwa kuanzia miaka ya 1950, na alipoongezeka kwa kasi miaka ya 1980 aina nyingi zilitoweka, hasa za maji ya wazi na za chini kwenye matope. Wa kwenye mawe waliokoka zaidi, kwa sababu sangara hawezi kuwafuata kwenye nyufa. Pale mawe ya ghuba letu yanapopata maji maangavu kiasi, dume mmoja ana mgongo mwekundu, ubavu wa njano na mistari myeusi: huyo anaitwa kitaalamu Pundamilia nyererei, amepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Ana ndugu yake wa rangi ya buluu anayekaa juu zaidi kwenye kina kifupi. Majike huwatofautisha madume kwa rangi. Maji yakichafuka na mwanga ukaharibika, wanashindwa kutofautisha, na aina hizo mbili huanza kuchanganyika. Kwa hiyo ukisimama Capri Point na nzi namba 16, umeshika mkononi samaki ambaye wanasayansi husafiri kutoka mbali kuja kumwona. Loanisha mkono kabla ya kumshika, mtazame, mwachie. Kwa jike angalia mdomo: furu wengi hubeba mayai na watoto mdomoni, na ukiuona umevimba usimminye.

Na kwa kuwa unatoka Nyeri, utajua kwamba trauti naye ni mgeni. Aliletwa kutoka Scotland na kutiwa kwenye mto Gura mwaka 1905. Sangara na trauti wote wawili walipandikizwa na watu waliotaka kitu cha kuvua, kisha maisha ya watu yakajengwa juu yao. Mimi sangara nampenda kwenye ndoano na kwenye sufuria, lakini sioni haya kusema kwamba furu mmoja wa mwambani ana thamani kuliko yeye.

Kuna samaki mmoja atakayekukumbusha nyumbani kuliko wote, naye ni kuyu. Ana magamba makubwa, anapenda mkondo, anasimama nyuma ya jiwe mtoni akisubiri kinacholetwa na maji, na nzi wa kuzama anamchukua vizuri. Anaishi ziwani na kwenye mito inayoingia ziwani, kama Mara na Kagera. Ila kipupwe si wakati wake bora kwenye mito inayopungua sana kama Simiyu. Yeye na ningu, samaki mwingine wa ziwani, hupanda mito mvua zinapojaza maji. Ningu alipungua vibaya katika karne iliyopita kwa sababu ya kutegewa nyavu midomoni mwa mito wakati anapanda kuzaa. Ukimkuta, mwache apite. Na mito hiyo ina viboko na mamba, kwa hiyo usiende bila mwenyeji wa mahali hapo hapo.

Hapo ndipo nifike kwenye jambo ambalo hukuliuliza, nami silipiti. Hukusema unasimama wapi. Kama unasimama ndani ya maji, kama wavuvi wa trauti wanavyofanya, acha leo. Mamba wapo kwenye sehemu nyingi za pwani ya ziwa hili, na wanaokamatwa wengi ni watu waliosimama majini hadi magotini wakioga, wakichota au wakivua. Kuna na kichocho. Konokono wanaobeba vimelea vyake wanaishi kandokando penye majani, na vimelea hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia asubuhi iliyochangamka hadi adhuhuri, yaani saa zilezile ulizokuwa unazichagua. Suruali ya mpira itakukinga na kichocho, lakini mamba haimzuii. Vua ukiwa juu ya jiwe kavu, mita kadhaa kutoka kwenye ukingo pale inapowezekana. Kama umeshaingia majini tangu Mei, nenda hospitali ukapime. Dawa yake ni prazikwanteli na inafanya kazi.

Mtumbwi nao una hatari yake ya kipupwe. Upepo wa asubuhi unatoka nchi kavu, hivyo karibu na ufuko maji yanaonekana shwari. Ukisogea mita mia chache ndipo unapokutana na mawimbi, na upepo unakusukuma mbele, mbali na nchi. Boti ndogo za kupuliza ambazo wageni huja nazo hazifai kabisa miezi hii. Panda na mvuvi mwenye injini na koti la kuokolea, mwache yeye aamue kama leo kunatokeka, na akisema hapana, usimbembeleze.

Halafu tazama mwezi. Umezoea kufuata wadudu wanaoruka mtoni, na hapa kalenda yao iko angani. Mawingu ya wadudu wadogo yanayoinuka ziwani kama moshi huwa makubwa karibu na mwezi mwandamo, na aina moja ya mdudu mwenye mbawa nyembamba ambaye watoto wake huchimba kwenye miti iliyozama huruka kwa wingi siku chache baada ya mwezi mpevu. Giza la mwezi pia ndilo wakati wa wavuvi wa dagaa kutoka na taa zao. Dagaa hukusanyika kwenye mwanga, na sangara hukusanyika chini ya dagaa. Asubuhi inayofuata usiku wa taa nyingi karibu na ufuko, kuwa juu ya jiwe lako kabla hakujapambazuka.

Nafasi ya kumpata sangara mkubwa wa kweli kwa nzi iko Rubondo, ambako ni hifadhi ya taifa tangu 1977 na maji ya kukizunguka kisiwa yamelindwa dhidi ya nyavu. Uvuvi wa burudani huko unafanyika kwa kibali cha hifadhi. Saanane, unayoiona kutoka Capri Point, nayo ni hifadhi ya taifa tangu 2013. Usitupe ndoano kwenye maji yake kwa sababu tu yako karibu.

Kabla ya kurudi majini pita ofisi ya uvuvi ya halmashauri ukate leseni, na ujitambulishe kwa viongozi wa mwalo, yaani mahali wavuvi wanapopakulia samaki, ulio karibu na unapovua. Watu wa mwalo wakikufahamu watakwambia mamba alionekana wapi jana. Kisha chukua rangi ya kucha, pima kutoka kwenye kitako cha fimbo, na uchore alama mbili: moja kwenye sentimita 25, nyingine kwenye 50. Sato asiyefika alama ya kwanza na sangara asiyefika ya pili wanarudi majini, hiyo ni sheria. Kwa ukubwa wa samaki utakaowapata kutoka kwenye mawe, alama ya pili utaitumia karibu kila jioni.